Barua ya Watani Iliyofika kwa Mama Mkwe

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe. Naandika haraka, nikiwa nimevaa shati lenye kola na vifungo vyote vimefungwa, kwa sababu kuna mtu anaitwa Kibwana anazunguka mjini Tabora akisimulia habari hii, na katika masimulizi yake nguo zangu zinapungua kila anapoirudia. Afadhali mnisikie mimi kwanza.

Mnaonijua mnajua kwamba nilifundisha chuoni miaka mingi, kisha nikaacha, nikarudi nyumbani kuandika makala na kuzituma kwa barua pepe kwa yeyote atakayesoma. Mke wangu Kalunde ni muuguzi, na ndiye anayetulisha (jambo hili halitaji mara nyingi, asubuhi na jioni tu). Watu wakimuuliza mumewe anafanya nini, hujibu: "Anaandika." Mama yake, anayeishi Puge, hajawahi kuridhika na jibu hilo.

"Anaandika nini?"

"Barua, mama."

"Kwa nani?"

Hapo mazungumzo hufia.

Kwa wageni wa huku kwetu lazima nieleze kwamba mimi na mama mkwe hatuzungumzi. Hatujagombana. Ni heshima. Namwamkia nimeinama, yeye anaitika ameangalia pembeni. Sikai anapokaa, sili anapokula. Likiwepo jambo la kuambiana, linapita kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu akikosekana, linapita kwa kuku. ("Wewe kuku, sijui tutakula nini leo, na mtu aliyekwenda mjini hakukumbuka chumvi.") Tangu nimwoe binti yake, hajawahi kuniona hata bila viatu. Kumbukeni hilo la viatu.

Sasa asali. Mwaka huu mama mkwe na kina mama wenzake wa Puge walirina vizuri sana. Mlanguzi aliyezoea kununua kwao akaja, akaonja, akalamba kidole, akataja bei. Mama mkwe alisema ile haikuwa bei, lilikuwa tusi. Ndipo Kalunde alipomwambia: "Mama, mpe mkweo aiuze kwa zile barua zake." Sijui alisema hivyo kwa imani au kwa uchovu. Ninachojua ni kwamba wiki hiyo hiyo ndoo za asali zilishushwa sebuleni kwangu mpaka tukawa tunapita kwa ubavu kwenda chumbani.

Aliyezileta ni shemeji yangu Shija, mdogo wake Kalunde, mwalimu wa shule ya msingi, anayeishi na mama yake. Alileta na ujumbe.

"Mama anasema hivi, shemeji. Ndoo zikiisha kabla mlanguzi hajarudi mwisho wa mwezi, atakubali kwamba una kazi. Zisipoisha, zirudi Puge, ampe mlanguzi kwa tusi lake lile lile. Na barua tusizisikie tena."

Mwisho wa mwezi ni kesho kutwa.

Nilijifunza, msidhani sikujifunza. Kuna bwana mmoja wa Dar es Salaam anafundisha mtandaoni jinsi ya kuuza kwa barua pepe, akiwa amesimama mbele ya gari ambalo sina hakika kama ni lake. Nilimsikiliza nikiwa na kalamu, kama mwanafunzi. Alisema usinunue anwani za watu. Waombe wakupe wenyewe, na uwape kitu kidogo kwa kuwashukuru. Nikaweka meza karibu na soko: kijiko kimoja cha asali kwa anwani moja ya barua pepe.

Msururu ulifika barabarani. Lakini watu wa Tabora asali wanaijua. Kijiko cha kwanza wanaonja, cha pili wanakagua, cha tatu ndipo wanatoa hukumu. Mzee mmoja mwenye kofia safi alinipa anwani tatu, akala vijiko vyake taratibu, akasema asali ni nzuri ila mwenye meza anaonekana hajala. Kesho yake nikaziandikia zile anwani. Barua zote zilirudi. (Vijiko havikurudi.)

Hata hivyo orodha ilikua. Bwana wa gari akasema sasa uigawe. Usimwandikie kila mtu barua ile ile. Yeye alikuwa na maana ya umri, kipato, na vitu vya namna hiyo. Mimi niligawa watu kwa njia ambayo Mnyamwezi yeyote angewagawa. Nikafungua makundi mawili: Watani na Waheshimiwa.

Watani ni Wazaramo, Waluguru, Wagogo, wote ambao babu zetu walipita kwao na mizigo mabegani, kwenda pwani na kurudi. Safari ilikuwa ndefu, wakataniana. Misafara ikaisha, utani ukabaki. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya watoto wako, nawe ukampa kiti. Na mashemeji nao ni watani, kama kila mtu ajuavyo. Waheshimiwa ni wengine wote: wazee, wakubwa wangu wa zamani wa kazi, na upande wa ukweni.

Waheshimiwa niliwaandikia kwa adabu. "Kwa heshima na taadhima, tunapenda kuwajulisha kuhusu upatikanaji wa asali safi kutoka Puge." Niliwaandikia hivyo tena na tena mwezi mzima. Alikuja mtu mmoja. Ni jirani yangu, na barua hakuisoma. Aliniona nikibeba ndoo.

Nikarudi kwa bwana wa gari. Akasema mambo mawili. La kwanza, jina la mtumaji lisiwe la kampuni, liwe na joto, msomaji ajisikie kama ameandikiwa na mtu wa karibu. Nikaweka "Nyumbani kwa Maganga". La pili, kichwa cha barua kimfanye mtu aache anachofanya.

Leo ni Jumamosi. Kalunde aliondoka mapema kwenda zamu. Mimi nikanywa chai, nikaziangalia ndoo, ndoo zikaniangalia. Nikaona niwaandikie Watani, tena kwa lugha yao. Kichwa cha barua: "Msiba: Maganga hatunaye." Chini yake nikaandika:

"Watani, nimefariki leo alfajiri. Chanzo cha kifo ni asali ya mama mkwe kunikaa kifuani kwa kukosa mnunuzi. Mazishi ni leo nyumbani kwangu. Mchanga wenu siutaki. Kila mtani aje na chombo chake, na bei ya asali aishike mkononi niione kabla sijafumba macho."

Nikacheka peke yangu (hiyo huwa dalili mbaya). Kabla ya kutuma nilipitia majina, kwa sababu mimi ni mtu mwangalifu. Nikaliona jina la Shija. Nikajiuliza: Shija ni mtani? Ni shemeji, shemeji ni mtani. Kumtoa hapo kumpeleka kwa Waheshimiwa kungekuwa ni kumtukana. Kwa hiyo mila ilifuatwa. Bwana wa gari alifuatwa. Nilichosahau ni kwamba Shija analala nyumba moja na mama yake.

Nikabofya.

Chai haijapoa, nikasikia kilio getini. Alikuwa Kibwana, Mzaramo, fundi wa reli mstaafu, aliyekuja Tabora akiwa kijana na mpaka leo anadai anasubiri treni ya kumrudisha kwao. Alikuwa na jembe begani.

"Maiti iko wapi?" akauliza.

"Ndiyo mimi. Karibu, Kibwana."

"Mbona imesimama?"

"Imekuja kukufungulia. Unataka chupa ngapi?"

"Mimi siongei na maiti. Msimamizi wa msiba ni nani hapa?"

Hakukuwa na mtu mwingine.

"Basi ni mimi," akasema, akaegemeza jembe ukutani. "Lete simu."

"Ya nini?"

"Mirathi. Nyie Wanyamwezi mkifa, ndugu zenu wakifika kabla yetu hatupati hata kijiko."

Nikampa simu, akaitia mfukoni. Ndio utaratibu wa utani: mtani akishika kitu chako msibani humnyang'anyi, unakikomboa. Na mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nilitaka kwanza yeye anunue asali, ndipo niikomboe.

Wakaja Waluguru wawili, mume na mke, wenye duka la mitumba, na mkeka wao wenyewe. Akaja padre, Mgogo wa Dodoma, anayefundisha seminari ya Kipalapala, akiwa juu ya pikipiki.

"Padre, hata wewe?" nikamuuliza.

"Leo nimekuja kama Mgogo. Padre nimemwacha Kipalapala," akajibu. "Babu zako walipita kwetu na mizigo yao, wakatulipa hongo ya kupita. Wewe unapita kwenda mbinguni na ndoo zote hizi, halafu upite bure? Chupa moja."

"Hata hujauliza bei."

"Hongo haina bei. Hongo ina njia."

Nilipoona uani pana watu wa kutosha, nikaleta chupa za kuonjesha na kuanza ile hotuba ya upatikanaji wa asali safi. Kibwana akaninyamazisha kwa mkono.

"Sikiliza, mpagazi. Sisi tumeitwa kuzika. Hatununui kitu kwa maiti inayotembea na kuhutubia. Wewe lala hapo, tukulilie vizuri, tukupige na picha. Tukimaliza, kila mtu ananunua. Jamani, si ndivyo?"

Wakasema ndivyo. Mimi nikafikiri kama mfanyabiashara. Bwana wa gari amesema barua yenye picha inauza zaidi. Ndoo ziko sebuleni. Kesho kutwa ni mwisho wa mwezi. Nikauliza kama ninaweza kulala na nguo zangu.

"Umewahi kuona maiti yenye mkanda?" akasema Kibwana.

Kwa hiyo nikabaki na fulana na bukta. Fulana ina tundu kwapani. Bukta sitaieleza. Wakanifunika kwa shuka jeupe la kitanda cha wageni, nikalala katikati ya uani kwangu, msomi mzima, mke wa Mluguru akinililia kwamba nimekufa na deni la soksi. (Ni kweli. Jozi mbili.)

Ndipo simu yangu ikaita mfukoni mwa Kibwana. Nilimsikia akisafisha koo.

"Haloo. Hapana, siyo yeye. Marehemu hawezi kupokea simu, ndugu yangu. Ndiyo. Tuko hapa kwenye mkeka. Yuko hapa mbele yetu, amefunikwa. Ndiyo, padre yupo." Akasikiliza. Kisha, kwa sauti nzito: "Jikazeni. Sote ni wa njia hiyo."

"Nani huyo?" nikauliza chini ya shuka.

"Maiti, nyamaza. Ni mtani mwenzetu, sikulishika jina. Analia vizuri kuliko sisi wote. Anasema anakuja na wenzake."

Nikafurahi. Niseme ukweli, nilifurahi sana. Nikahesabu chupa.

Msiba ukaendelea. Wakija watani wapya ninalala, wakikaa ninaamka ninakunywa chai, getini pakigongwa ninalala tena. Padre alikuwa amekaa kwenye kigoda akila karanga na kusema kwamba amezika watu wengi lakini hajaona aliyefufuka mara nyingi hivi kwa ajili ya maandazi. Kwa hiyo gari liliposimama nje, sikuwaza. Nilijilaza kwa mazoea, nikavuta shuka hadi juu ya kichwa. Kibwana akasema, "Ni wale wa simu. Lieni, jamani." Uani ukalipuka kwa vilio.

Kisha kikaingia kilio kingine.

Kilio cha utani kina kicheko ndani yake, hata ukikificha. Hiki hakikuwa nacho. Kilitoka getini, kikapita katikati ya vile vingine, na vile vingine vikazimika kimoja kimoja. Nikasikia vitu vikishushwa chini: debe, kuku aliyefungwa miguu, furushi. Nikasikia nyayo za wanawake wengi. Halafu mtu akapiga magoti kichwani kwangu, na sauti ambayo kwa miaka yote ya ndoa yangu haijawahi kunitaja jina ikaniita.

"Maganga. Maganga, mkwe wangu."

Mwili mzima ukakakamaa. (Watani waliniambia baadaye kwamba hapo ndipo nilipofanana na maiti kuliko wakati wowote.)

"Maganga, umelala na ndoo zangu zimejaa sebuleni," akalia mama mkwe. "Nilikusema, baba. Nilikusema kwa kila mtu pale Puge. Nilisema mwanangu ameolewa na mtu wa barua. Nani atanisalimia sasa? Ulikuwa unainama mpaka nauonea huruma mgongo wako. Hukuwa na kazi, Maganga, lakini ulikuwa na adabu. Ungebaki tu na barua zako, baba. Ungebaki tu."

Nililia. Chini ya shuka, kimyakimya, machozi yakiingia masikioni. Maneno hayo nilikuwa nayasubiri miaka na miaka, na sasa nimeyapata. Nilikuwa nimeguswa sana, na nilikuwa nimevaa bukta.

Nifanye nini? Nikiinuka, ananiona nilivyo. Nikibaki, anazidi kulia. Nikasikia padre akikohoa.

"Mama, samahani, kuna jambo…"

"Niache nimwone uso, padre," akasema. Akashika shuka.

Nami nikalishika, kwa ndani.

Akavuta. Nikavuta. Akavuta tena, kwa nguvu za mtu anayepanda miti kurina asali. Nikavuta tena, kwa nguvu za mtu mwenye tundu kwapani. Nadhani ilimchukua muda kuielewa hali yenyewe: kwamba upande wa pili wa shuka kuna mtu. Akaliachia ghafla. Kwa kuwa nilikuwa navuta, nikainuka nikaketi, shuka likaanguka mapajani, tukatazamana uso kwa uso, mimi na mama mkwe.

Nikasema kitu pekee ambacho malezi yangu yaliniwekea mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika. Kisha akageuka akakimbia.

Kina mama wa Puge wakamfuata. Waluguru nao wakakimbia, ingawa maiti walikuwa wameshinda nayo tangu asubuhi. Hapo mtu mwenye akili angeenda chumbani kuvaa suruali. Mimi nilitoka mbio kumfuata, getini hadi barabarani, shuka begani, nikiita, "Mama, mimi ni mzima! Mama, simama, ilikuwa biashara!" Mtaa wetu, ambao vilio vya Kibwana ulikuwa umevipuuza kwa kuwa unamjua, ulikuwa umetoka majumbani kwa kilio cha mama mkwe. Wote walikuwa barabarani. Wote waliona marehemu akimkimbiza mkwe wake.

Shija ndiye aliyenidaka. Macho yalikuwa mekundu.

"Shemeji, rudi ndani ukavae," akasema. "Unazidi kumwua."

Nilivaa. Suruali ndefu, shati, koti, viatu, na kwa kuwa nilikuwa sina mahali pengine pa kuweka aibu yangu, tai. Nilipotoka, mama mkwe alikuwa amerudishwa, amekaa kwenye mkeka ameuelekea ukuta. Nikakaa mbali, nikauelekea ukuta mwingine. Shija akakaa katikati.

"Bando liliniishia," Shija akaanza, kwa wote. "Barua haikufunguka. Niliona tu juu: Nyumbani kwa Maganga. Chini yake: Msiba, Maganga hatunaye. Nikasema, huyu ni shemeji yangu, ananitania. Nikapiga simu kuhakikisha. Nikaambiwa padre yupo. Sasa nani anamtania mtu na padre?"

Padre akaangalia soli ya kiatu chake.

"Na dada simu yake imezimwa, yuko zamu," akaendelea Shija. "Mama amelia njia nzima. Dereva naye akalia, na wala hakujui."

Kibwana akatoa simu yangu mfukoni, akaiweka mkekani polepole, bila kudai kukombolewa. Sijawahi kumwona akishindwa kusema. Nilitamani kufurahia, lakini haukuwa wakati wake.

Mama mkwe akazungumza na ukuta.

"Shija. Muulize mwenzako. Zile barua za heshima alizokuwa anaandika mwezi mzima, alikuja nani?"

Shija akanigeukia. "Anauliza alikuja nani."

"Mwambie ni jirani."

"Jirani, mama."

"Na hii ya kufa, wamekuja wangapi?"

Nikageuka nikatazama. Uani ulikuwa umejaa. Watani, kina mama wa Puge, mtaa mzima umeegemea ukutani, watu wengine getini wakiwa bado wanauliza marehemu ni yupi. Sikuweza kuhesabu.

"Mwambie hawa wote."

Nikaziona siku zangu zilizobaki: ndoo zikipakiwa, mlanguzi akilamba kidole, na mimi nikitafuta kazi ya kulinda shule.

"Mwambie nimeona," akasema. "Ni kazi ya kijinga. Lakini ni kazi."

Kisha akasimama, akakaza kanga kiunoni, akaamuru ndoo zitolewe nje. "Na mtu asitoke hapa mikono mitupu. Mmenililia mkwe wangu, asanteni. Sasa nunueni."

Ndugu zangu, nilifundishwa kuuza na bwana wa gari. Leo nimeona mtu anayejua kuuza. Mama mkwe alikaa kwenye kile kigoda cha padre na faneli yake ya kumiminia, na hakumshawishi mtu hata mmoja. Alimwangalia tu. Mluguru alinunua chupa moja, akaangaliwa, akanunua ya pili. Padre alijaribu tena ile habari ya hongo. Akaangaliwa, akatoa pochi. Kibwana aliuziwa ndoo nzima, kwa sababu ya simu, na akaibeba kichwani hadi kwake huku Wanyamwezi wote wa mtaa wakimpigia makofi na kumwita mpagazi. Dereva aliyelia alipewa chupa bure. Unga, maharage na kuku wa msiba havirudi vilikotoka, kwa hiyo vikapikwa, tukala. Mimi nilikula nyuma ya nyumba, na tai yangu.

Kalunde aliporudi kutoka zamu alikuta masufuria makubwa uani, mikeka, kina mama wa Puge, na mama yake katikati. Akashika nguzo ya geti. Nikakimbia.

"Kalunde, mimi ni mzima."

Akanitazama, kutoka kwenye tai hadi viatuni.

"Naona," akasema. "Kwa sasa."

Jioni hii nimefungua kompyuta kuangalia matokeo, kama tulivyofundishwa. Walioifungua barua ni wachache mno. Waliopanda gari baada ya kusoma kichwa chake tu ni wengi. Na aliyejiondoa kwenye orodha ni mmoja: Kalunde.

Ndoo zimeisha. Mlanguzi akija kesho kutwa atapewa chai. Na wakati gari la kurudi Puge linawashwa, mama mkwe alimwita Shija dirishani, mimi nikiwa nimesimama pale pale nimeinama.

"Mwambie aniandike kwenye hiyo orodha. Barua ziwe zinakuja kwa simu yako, utanisomea. Kundi la watani."

Nikamwambia Shija amweleze mama, kwa heshima zote, kwamba mkwe hawezi kuwa mtani. Mahali pake ni kwa Waheshimiwa.

Mama mkwe aliangalia mbele, barabarani.

"Mwambie mtu niliyevutana naye shuka asinifundishe heshima."

Nimemwandika. Kwa hiyo mkipita nyumbani kwangu wiki hii, semeni pole kama watu wazima, mwendelee na safari zenu. Tafadhali msicheke. Matanga hayajaanuliwa.